Krauni ya muda kwa printa ya 3D: mwongozo wa anayeanza

Maswali ni yale yale kila wiki. Rezini (plastiki ya kimiminika inayogandishwa kwa mwanga) ya kuchapia vinyago inaweza kuingia mdomoni? Mbona krauni (kofia ya jino) imetoka nzuri lakini haishuki kwenye jino? Niivishe, yaani niigandishe kabisa kwa mwanga baada ya kuchapisha, kwa taa ipi? Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Mwongozo huu ni wa daktari wa kinywa na meno, au fundi wa maabara ya meno, ambaye tayari anajua kuandaa jino na kuvalisha kofia ya muda kwa njia ya zamani, na sasa ana printa mezani au yuko mbioni kununua. Sitafundisha kusaga jino hapa. Na kama huna taaluma hiyo, usijitengenezee krauni nyumbani hata kama una printa. Jino lililosagwa likifunikwa vibaya hupenyesha bakteria hadi kwenye kiini, na mwisho wake ni matibabu ya mzizi au kung'olewa.

Jambo moja nitalirudia: printa ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Krauni nyingi huharibika kabla hazijafika kwenye printa, kwa sababu ukingo wa jino haukuonekana vizuri, au baada ya kutoka, kwa sababu zimeoshwa na kuivishwa ovyo. Ndiyo maana nimeandika kidogo kuhusu kubonyeza vitufe na mengi kuhusu mambo hayo mawili.

Je, unaihitaji kweli?

Kwa gego moja ambalo krauni yake ya kudumu itakuwa tayari baada ya siku chache, kipimo cha silikoni kilichojazwa bisakrili (plastiki ya muda inayoganda yenyewe) mdomoni bado ni njia ya haraka, na mgonjwa anaondoka mapema. Printa inalipa pale meno yanapokuwa mengi, pale meno ya mbele yanapohitaji sura nzuri, au pale krauni ya kudumu inapotengenezwa mbali, na mgonjwa atakaa na ya muda kwa miezi. Faida nyingine kubwa ni faili. Krauni ikivunjika, unachapisha nyingine bila kumpima mgonjwa upya. Tena hakuna joto wala harufu kali ya akrili ya unga na kimiminika inayogandia mdomoni, juu ya jino lililosagwa.

Utakachohitaji

*Picha ya kidijitali ya mdomo.* Skana ya mdomoni ndiyo njia fupi. Kama huna, chukua kipimo cha silikoni, mimina plasta ngumu ya aina ya IV, kisha piga picha plasta hiyo kwa skana ya mezani, au uipeleke kwenye maabara yenye skana. Usitumie aljineti iliyokaa tangu asubuhi. Inapoteza maji na kusinyaa, na krauni itafuata umbo lililosinyaa.

*Programu ya kubunia.* exocad na 3Shape ni za kulipia na ndizo zinazotumiwa zaidi na maabara. Wenye skana za Medit wana programu ya krauni za muda ndani ya Medit Link. Blue Sky Plan hupakuliwa bure, ingawa baadhi ya kazi hulipiwa unapotoa faili.

*Printa ya rezini.* Printa ya nyuzi za plastiki haifai kabisa kwa ukingo wa krauni. Chagua ya LCD (inayoangaza kupitia skrini) yenye mwanga wa nanomita 405, au ya DLP (inayoangaza kwa projekta) ya 385 au 405. Hakikisha urefu huo wa mawimbi unalingana na ule ulioandikwa kwenye chupa ya rezini.

*Rezini ya krauni.* Hapa hakuna mjadala. Iwe imeandikwa wazi kuwa ni ya krauni na madaraja ya muda, na iwe na idhini ya kifaa tiba. Mifano inayojulikana ni NextDent C&B MFH, Formlabs Temporary CB na VarseoSmile Temp. Kila moja ina orodha yake ya printa na masanduku ya kuivishia yaliyothibitishwa, kwa hiyo soma orodha hiyo kabla ya kulipa. Tanzania, uliza muuzaji kuhusu usajili wa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Kenya, uliza kuhusu Pharmacy and Poisons Board. Rezini ya vinyago, hata ile inayouzwa kwa jina la "ngumu" au "inayooshwa kwa maji", haijapimwa kwa kukaa mdomoni. Rezini ya kuchapia modeli za meno nayo si ya krauni, hata kama chupa zinafanana na muuzaji ni yule yule.

*Vya kuoshea.* Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, au ethanoli ya zaidi ya asilimia 90 kama maelekezo yanaruhusu. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi mno. Tayarisha vyombo viwili vyenye vifuniko na uviandike "ya kwanza" na "safi".

*Sanduku la kuivishia kwa mwanga.* Swali la taa ya kujazia meno nalijibu hapa: haitoshi. Taa nyingi za kliniki hutoa mwanga wa bluu wa takriban nanomita 450 hadi 470, wakati rezini nyingi za printa huamshwa na 385 hadi 405. Taa ya kucha haina kipimo cha nguvu unachoweza kukitegemea. Jua pia hapana: litagandisha uso wa nje na kukuacha hujui ndani kukoje.

*Usalama.* Glavu za nitrili (za lateksi hupenyeza rezini upesi), miwani, aproni ya mikono mirefu, na chumba chenye dirisha au feni ya kutoa hewa nje. Rezini mbichi husababisha mzio wa ngozi, na ukishaupata unaweza kuwa nao maisha yote. Kwa daktari wa meno hilo ni pigo zito, kwa sababu kemikali za jamii hiyo hiyo zimo kwenye vijazio anavyovishika kila siku.

*UPS (betri ya kushika umeme ukikatika).* Nainunua pamoja na printa, siiweki kwenye orodha ya baadaye. Umeme ukikatika katikati ya tabaka, krauni hupata mstari dhaifu ambao huenda usiuone, na itakatika hapo hapo mgonjwa akitafuna.

Kabla ya mgonjwa wa kwanza: pima printa

Chapisha mchemraba wa milimita 10 wenye tundu la milimita 5, kwa rezini ile ile na mpangilio ule ule utakaotumia kwa krauni. Osha, ivisha, kisha pima kwa kalipa ya kidijitali. Tundu likiwa dogo kuliko lilivyobuniwa, muda wa mwanga umezidi na rezini imeganda hadi kwenye nafasi. Ukichapisha krauni kwa mpangilio huo haitashuka. Punguza muda kidogo kidogo, rudia, na uandike namba iliyokubali kwenye daftari. Rudia kipimo hiki kila unapobadilisha rezini, filamu ya beseni (karatasi angavu iliyo chini ya chombo cha rezini cha printa) au skrini.

Fanya pia zoezi moja kamili kwenye jino la plastiki la kufundishia, toka skana hadi kung'arisha. Usimfanye mgonjwa awe sehemu ya kujifunzia vitufe.

Hatua

1. Piga picha jino kabla ya kuligusa. Kama jino bado lina umbo zuri, skani hii ya mwanzo ni hazina, kwa sababu programu itanakili umbo lile lile ambalo ulimi na meno ya juu vimelizoea. Kama limevunjika, lijaze kwanza kwa kompoziti bila gundi ili lipate umbo, kisha piga picha. Marekebisho ya kung'ata mwishoni yatapungua sana.

2. Andaa jino ukikumbuka kuwa litavikwa plastiki. Rezini haina nguvu ya zirkonia. Acha nafasi ya milimita 1.5 hadi 2 upande wa kutafunia, na ukingo wa mviringo au wa bega wa takriban milimita 1. Lainisha pembe zote kali. Pembe kali kwenye jino huwa mahali pa kuanzia ufa kwenye krauni, tena printa haiwezi kuchapa ndani ya krauni kona kali kuliko pikseli zake.

3. Fungua ukingo, kausha, piga picha. Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Skana huona kile tu ambacho mwanga unakifikia. Damu, mate na fizi iliyolala juu ya ukingo hugeuka kuwa umbo la uongo, na programu italijengea krauni bila kulalamika. Weka uzi wa kusukuma fizi, zuia damu kwa aluminiamu kloridi, osha, kausha kwa hewa, kisha piga picha mara moja. Anza juu ya meno, nenda upande wa ulimi, malizia upande wa shavu. Piga na taya la pili, halafu picha ya meno yakiwa yameng'atana.

Kuza picha kwenye skrini kabla mgonjwa hajanyanyuka. Zunguka ukingo wote kwa jicho. Palipo na ukungu au mawimbi, futa kipande hicho tu na ukipige tena. Dakika mbili hizi zinaokoa saa nzima ya baadaye.

4. Chora ukingo na ubuni krauni. Usiukubali mstari wa ukingo unaochorwa na programu yenyewe bila kuukagua. Kwenye magego ya nyuma hukosea mara nyingi upande wa mbali. Vipimo vya kuanzia ninavyovipendekeza ni hivi:

- nafasi ya simenti: mikroni 60 hadi 80, ikianza takriban milimita 1 juu ya ukingo, ukingoni penyewe acha ndogo zaidi
- unene upande wa kutafunia: usipungue milimita 1.5
- unene wa kuta: usipungue milimita 1
- ukingo: usiwe mwembamba kama wembe, takriban milimita 0.3 ndipo uanze kunenepa
- mgusano na meno jirani: ugusike bila kubana

Vipimo vya unene kwenye maelekezo ya rezini yako vikiwa vikubwa kuliko hivi, fuata vile. Programu ikikuonyesha rangi ya onyo kwamba sehemu fulani ni nyembamba, usiongeze unene kwa kuinua krauni juu ya meno mengine. Rudi kwenye jino usage zaidi kama kiini kinaruhusu. Krauni iliyoinuliwa itasagwa mdomoni, na utakapomaliza kusaga itakuwa nyembamba vile vile.

Toa faili ya STL (faili ya umbo la 3D). Faili hii haibebi kizio cha kipimo, kwa hiyo programu inayofuata isipoambiwa ni milimita inaweza kuisoma vingine.

5. Panga krauni kwenye programu ya kukata tabaka. Chagua tabaka la mikroni 50. Krauni yenye kimo cha milimita 12 itakuwa na tabaka 240. Jino moja au meno sita muda ni karibu ule ule kwenye printa za LCD na DLP, kwa sababu tabaka zima huangazwa kwa mpigo mmoja. Tumia nafasi hiyo: chapisha krauni mbili za jino hilo hilo, moja iwe ya akiba.

Elekeza upande wa kutafunia kwenye sahani ya printa, ukiuinamisha kidogo kama maelekezo yanavyosema, ili tumbo la krauni libaki wazi. Nguzo (vijiti vinavyoishikilia krauni inapochapwa) ziende kwenye upande wa kutafunia na upande wa ulimi. Usiweke nguzo ndani ya krauni wala kwenye ukingo hata iweje. Programu zikiachwa zipange zenyewe hupenda kufanya hivyo, kwa hiyo zungusha modeli na ukague kila nguzo. Nguzo ya ndani ikikatwa huacha kijiwe, na kijiwe kimoja tu kinatosha kuizuia krauni isishuke.

6. Tikisa chupa, mimina, chapisha. Rezini za krauni zina chembe za kujazia na rangi ambazo hutulia chini. Usipotikisa vya kutosha, mgonjwa wa kwanza atapata krauni dhaifu yenye rangi hafifu na wa mwisho atapata yenye rangi nzito. Baadhi ya watengenezaji hutaka chupa izungushwe kwenye mashine muda mrefu kabla ya matumizi ya kwanza. Ukiwa huna mashine, tikisa kwa mkono dakika kadhaa, geuza, tikisa tena, kisha acha mapovu yapande. Rezini iliyolala kwenye beseni tangu jana ikoroge taratibu kwa kijiko laini cha plastiki.

Joto la chumba lina maana. Wa Dar es Salaam na Mombasa hawana shida hapa, lakini Nairobi mwezi wa Julai, Arusha au Mbeya asubuhi, rezini huwa nzito na printa huanza kuangusha kazi. Weka chumba kwenye nyuzi 22 hadi 28, au tumia printa yenye kipasha joto. Usipashe chupa kwa maji ya moto.

Hakikisha filamu ya beseni haina mkwaruzo wala kipande cha kazi iliyopita. Bonyeza kitufe cha kuanza na funika.

7. Osha, lakini usiloweke. Ukiwa na glavu, bandua krauni kutoka kwenye sahani. Chombo cha kwanza dakika 3, cha pili chenye alkoholi safi dakika 2. Huo ndio utaratibu wa rezini nyingi za krauni, na jumla isizidi dakika 5. Anayeanza hudhani kuosha muda mrefu ni kuosha vizuri. Alkoholi huingia kwenye plastiki mbichi, huilainisha na kuipa nyufa ndogo. Tumia brashi laini ndani ya krauni, maana rezini hujificha kwenye pembe za ndani.

Onyo la moto: usimimine alkoholi moja kwa moja kwenye mashine ya kuoshea ya altrasoniki. Weka alkoholi na krauni kwenye chombo kidogo kilichofunikwa, na chombo hicho ndicho kikae kwenye maji ya mashine. Hakuna jiko, kibiriti wala tochi ya nta karibu.

8. Kausha na ukague. Puliza kwa hewa, halafu iache ikauke kabisa. Dakika 10 ni kiwango cha chini. Pwani kwenye unyevu mwingi ningeacha 30. Inang'aa? Bado kuna rezini, irudishe kwenye chombo cha pili kwa sekunde chache. Ikiwa kavu na uso wake umefifia, ndivyo inavyotakiwa. Tazama ndani kwa lenzi chini ya taa. Huu ndio wakati wa mwisho wa kuondoa rezini iliyobaki kirahisi, kwa sababu ikishaiva utahitaji kusaga.

9. Ivisha. Krauni iliyotoka kwenye printa ni ngumu mkononi lakini bado ni mbichi. Ndani yake kuna kemikali ambazo hazijaungana, na hizo ndizo zitakazovujia kwenye fizi ya mgonjwa. Kuivisha ndiko kunakoipa nguvu na usalama, kwa hiyo muda na joto havikisiwi. Fuata karatasi ya rezini: nyingi hutaka joto la karibu nyuzi 60, na baadhi huivishwa mara mbili, krauni ikigeuzwa katikati ili upande uliokuwa kivulini upate mwanga. Hewa ya oksijeni huzuia uso wa juu usigande. Ukiona mnato baada ya kuivisha, na maelekezo yanaruhusu, ivisha krauni ikiwa ndani ya gliserini kwenye chombo cha kioo.

Usiongeze muda "kwa usalama zaidi". Krauni iliyoivishwa kupita kiasi hugeuka njano na kuwa kama kigae, inakatika bila kupinda.

10. Kata nguzo, safisha ndani, ng'arisha. Mimi hupenda kukata nguzo baada ya kuivisha, kwa kisahani chembamba cha kukatia, kwa sababu krauni mbichi hupinda ukiibana. Rezini nyingine hutaka ziondolewe kabla. Ikiandikwa hivyo, fanya hivyo. Sawazisha mashina ya nguzo. Ndani, puliza mchanga wa alumina wa mikroni 50 kwa shinikizo la chini, bar 1 hadi 2, ukiwa mbali na ukingo.

Kwa nje, anza na mpira wa kusagia, kisha unga wa pumisi uliolowa, kisha losheni ya kung'arishia. Kama unatumia gleizi (rangi angavu ya kung'arishia) ya kugandishwa kwa mwanga, ipake nyembamba na usiifikishe ndani wala ukingoni. Uso uliong'arishwa kwa mkono hukaa vizuri zaidi kwenye fizi kuliko gleizi nene inayobanduka. Hilo ni pendekezo langu hasa kwa eneo la karibu na fizi. Vaa barakoa, maana vumbi hili si la kuvutwa. Mwisho osha kwa sabuni na maji, na ufute kwa alkoholi. Usiitie kwenye otoklevu isipokuwa karatasi ya rezini imeruhusu.

11. Jaribu mdomoni kwa mpangilio. Kwanza migusano ya pembeni: uzi wa meno upite kwa kishindo kidogo. Krauni ikibanwa na jirani haitashuka, na utadhani shida iko ndani. Pili ukingo: pitisha probu kuzunguka, isinase wala isianguke kwenye pengo. Tatu kung'ata: karatasi ya rangi ya kung'atia, mgonjwa afunge mdomo, kisha asogeze taya kushoto na kulia. Saga alama nzito tu, pima unene kwa kalipa, kisha ng'arisha tena pale uliposaga. Sehemu isiyong'arishwa hushika rangi na uchafu upesi.

12. Gandisha krauni kwenye jino. Chagua simenti ya muda ya zinki oksidi isiyo na eujenoli. Eujenoli huvuruga ugandaji wa simenti ya rezini utakayoitumia baadaye kwa krauni ya kudumu. Paka mafuta ya mgando kidogo upande wa nje wa krauni, weka simenti nyembamba ndani karibu na ukingo, vika, mgonjwa ang'ate pamba. Ikiganda ondoa mabaki yote, na upitishe uzi wenye fundo kati ya meno. Simenti iliyosahaulika chini ya fizi huleta uvimbe ambao mgonjwa atausingizia krauni.

Mwambie mgonjwa

Asitafunie upande huo vitu vinavyonata au vigumu: jojo, tofi, miwa, mahindi ya kuchoma, mifupa. Uzi wa meno auvute kwa pembeni, asiunyanyue juu. Chai ya rangi, kahawa, bizari na tambuu vitabadilisha rangi ya krauni, na hasa tambuu. Ikitoka, asiibandike kwa gundi ya dukani. Aiweke kwenye kopo safi na aje nayo. Mwandikie tarehe ya kurudi, kwa sababu krauni ya muda isiyouma huwafanya watu wasahau kwamba ni ya muda, huku simenti yake ikiendelea kuyeyuka na jino kuoza chini kwa chini.

Mambo yakienda kombo

*Krauni imebaki kwenye beseni, sahani iko tupu.* Sahani haijasawazishwa, tabaka za mwanzo zimepata mwanga mdogo, au rezini ni baridi. Sawazisha, ongeza muda wa tabaka za mwanzo tu, pasha chumba. Chuja rezini yote kabla ya kuendelea; kipande kigumu kilichobaki chini kitatoboa filamu na kuvunja skrini.

*Haishuki kwenye jino.* Fuata mpangilio huu usiruke: migusano ya pembeni, rezini iliyoganda ndani, kijiwe cha nguzo, kisha muda wa mwanga. Tumia silikoni nyepesi ya kukagulia ndani ya krauni. Palipotoboka ndipo panapogusa. Kama krauni zako zote hazishuki na kila moja unaisaga ndani, tatizo ni mpangilio wa printa au nafasi ya simenti. Rudi kwenye mchemraba na kalipa.

*Inacheza, inazunguka kwenye jino.* Nafasi ya simenti ni kubwa mno, au jino limesagwa likawa fupi lenye kuta zilizolala. La pili printa haiwezi kulitibu.

*Ukingo umemeguka.* Umebuniwa mwembamba, au nguzo ilikuwa karibu. Usizibe pengo kwa simenti. Nenepesha ukingo kwenye faili na uchapishe upya.

*Unga mweupe juu ya uso.* Krauni iliingia kwenye sanduku la mwanga ikiwa na alkoholi, au alkoholi ya kuoshea imechoka. Badilisha alkoholi na ukaushe zaidi. Unga wa juu huondoka kwa kung'arisha, ila ukiwa umeambatana na ulaini, tupa hiyo krauni.

*Inanata baada ya kuivishwa.* Oksijeni, au taa isiyolingana na rezini. Jaribu gliserini. Ikiendelea, taa imezeeka au si yake. Krauni inayonata haiingii mdomoni.

*Tabaka zimeachana, au kuna mstari unaozunguka.* Umeme ulikatika au kucheza, filamu imelegea, au rezini iliisha katikati. Usiitumie hata kama mstari unasagika.

*Imevunjika baada ya siku chache.* Tazama mahali ilipokatikia. Katikati ya upande wa kutafunia ni unene. Kwenye ukuta wa pembeni ni mgongano wakati taya linasogea. Mgonjwa anayesaga meno usingizini atazivunja hata zikiwa sahihi. Kwake fikiria krauni ya muda iliyochongwa kwenye kipande cha PMMA (plastiki ya akrili).

*Rangi si ile ya kipimo cha VITA (kipimo cha rangi za meno).* Chupa haikutikiswa vya kutosha, au krauni ni nyembamba na jino jeusi linaonekana chini yake. Linganisha rangi baada ya kuivisha na kung'arisha, kwenye mwanga wa mchana, jino likiwa na unyevu.

*Krauni imeonekana kubwa kupita kiasi kwenye programu.* Faili imesomwa kwa kizio kingine. Uwiano wa inchi na milimita ni 25.4, fungua upya na uchague milimita.

Taka na kumbukumbu

Rezini mbichi na alkoholi iliyotumika visimwagwe kwenye sinki wala kwenye mtaro. Vina sumu kwa viumbe vya majini. Weka alkoholi chafu kwenye chombo kinachopitisha mwanga, nje, juani, mbali na moto na watoto, kifuniko kikiwa kimelegezwa. Rezini itaganda na kutulia chini. Chuja, alkoholi ya juu itumie tena kwenye chombo cha kwanza pekee, na mabaki magumu yakusanywe pamoja na taka za kliniki. Glavu, karatasi za kufutia na nguzo zilizokatwa ziivishe juani kwanza kabla ya kutupa.

Kwenye faili la mgonjwa andika jina la rezini, namba ya toleo lake, tarehe ya mwisho wa matumizi, tarehe ya kuchapisha na namba ya jino, kwa mfano 36. Hifadhi STL pamoja na mpangilio wa printa uliotumika, na ile krauni ya akiba iweke kwenye mfuko wenye jina lake hadi siku ya krauni ya kudumu.